Zero ya x = 4, y = 3

Leo prof wangu wa zamani wa hesabu amekuja kuniomba pointi.

Nilimungojea miaka kumi na mbili.

Kwenye interro, jaribio la darasani, alitupatia ekwasio mbili: x + y = 7, x − y = 1. Alitaka tuzijumlishe ili y itoke. Mimi nikatafuta x mu ya kwanza, nikaiingiza mu ya pili. x = 4, y = 3. Ni sawa, mujaribu nyinyi wenyewe.

Akanipa zero, akaisoma mbele ya darasa lote. "Si njia yangu."

Sasa mimi njo prof, hapa Ibanda. Juzi nikisahihisha interro, nikaona jina lake kwenye kopi ya binti yake. Majibu sawa, njia ingine.

Nikaandika zero. (Ndiyo, makusudi.)

Asubuhi huyu hapa, mu chumba cha maprof, kopi mukononi.

"Madame, jibu iko sawa. Njia si kitu."

"Papa, rudia kidogo, wenzangu basikie."

Akarudia.

Nikatoa ile interro yangu ya zamani. Naichunga mpaka leo. Nikaiweka mbele yake na biki nyekundu juu.

"Basi tuanze na hii."

Akachukua biki. Akakata zero, akaandika kumi juu ya kumi, akatia sahihi.

Ya mutoto nikairekebisha palepale. Yeye hakunikosea kitu.

Haya, munitukane hapa chini. Kumi yangu iko na sahihi.