Kilo Moja ya Mume Wangu

Kwenye mazishi ya mume wangu, mzee mmoja aliyecheza naye ndondi ujanani alishika kipaza sauti akasema marehemu hakupigwa na mtu, alipigwa na mizani. Watu wakaitikia, "Kweli kabisa." Mimi nilikuwa mstari wa mbele, leso kichwani. Mjane hasimami kubishana na msemaji kando ya jeneza. Lakini nilikuwepo siku zile. Nilisoma hadi darasa la saba tu, ila kuandika ninaweza, kwa hiyo naandika ilivyokuwa.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Jericho, miaka ya sabini ikielekea mwisho, tumeoana mwaka mmoja na ushee. Yeye alikuwa fundi wa mabomba mchana na bondia jioni. Mimi nilifanya kazi kwenye mashine ya kusaga posho pale sokoni. Nilikuwa napima mahindi ya wateja na kuyamimina, na jioni narudi nyumbani mweupe kuanzia kope hadi viatu. Yeye akinipokea mlangoni anasema, "Karibu, mzungu wangu."

Alipigana uzani wa kilo sitini. Mwaka ule kulikuwa na mashindano ya mchujo, na mshindi wa kila uzani angeingia kambi ya timu ya taifa, kisha apande ndege. Katika nyumba za laini yetu hakuna aliyewahi kupanda ndege. Hata wale wasiopenda ndondi walikuwa wakinisimamisha njiani kuniuliza kama amekula vizuri. Wa kupigana naye fainali alikuwa kijana wa mtaa jirani wa Mbotela, mrefu, mkimya, fundi wa viatu.

Wiki ya mwisho ukumbi wa jamii ulifungwa ili upakwe rangi, na mizani ya chama cha ndondi ikafungiwa humo ndani. Bondia asiyejua uzito wake halali usingizi, kwa hiyo kila jioni alikuja kwangu kazini. Mizani yetu ilikuwa ile ya chuma ya kusimama chini, yenye ubao wa kuwekea mzigo na mkono wa kusukumia kijiwe. Nilikuwa naondoa debe la mahindi, yeye anapanda bila viatu, nami nasukuma kijiwe polepole. Ijumaa mkono ulitulia kwenye sitini kamili. Aliruka chini akanibeba akanizungusha, unga ukatimka kama moshi, na mzee mwenye mashine akapiga kelele, "Nyinyi wawili, mtanivunjia mkanda!"

Asubuhi ya Jumamosi, kwenye mizani ya chama, alizidi karibu kilo nzima.

Alipanda mara ya pili, kisha ya tatu, na haikubadilika. Wakampa saa moja apunguze. Tukamvalisha koti la mvua na juu yake gunia tulilolitoboa mashimo ya mikono, akaanza kuruka kamba nyuma ya ukumbi, jua likimwangalia. Kocha alihesabu, mimi nikamfuta. Alitafuna chingamu ya bazoka ili mate yamtoke, akatema, akatafuna akatema, mpaka mate yakaisha. Dakika ya mwisho alipanda na mkono ukatulia kwenye sitini. Nilipiga kigelegele kilichonishangaza mwenyewe.

Walipigana saa tisa. Nimejaribu kueleza pambano lile mara nyingi, na kila mara mikono yangu huinuka yenyewe. Raundi ya kwanza alikuwa moto! Aliingia chini ya ile mikono mirefu, akapiga mbavu, akatoka kabla mwenzake hajajua mlango uko wapi. Jericho nzima ilikuwa juu ya viti. "Mshone! Mshone viatu!" Raundi ya pili ilikuwa hivyo hivyo, na nilimwona mwamuzi mmoja wa pembeni akitikisa kichwa kwa raha. Raundi ya tatu ilikuwa imebakisha muda mfupi tu. Akapiga kushoto, akapiga kushoto tena, na kijana wa Mbotela akatupa mkono wa kulia juu ya bega lake. Mmoja tu. Nikasikia mlio kama mlango wa kabati unapofungwa. Mume wangu alikaa chini taratibu, kama mtu aliyekumbuka jambo.

Mbotela walipasua paa.

Kabla hatujafika nyumbani, sababu zilikuwa tatu. Ya kwanza, glavu zilikuwa zimelowa jasho la waliotangulia. Ni kweli zililowa, lakini za mwenzake pia zilikuwa zimevaliwa tangu asubuhi, na zililowa vilevile. Ya pili, mwamuzi alihesabu haraka. Mimi nilihesabu naye, midomo yangu ikicheza. Alipofika kumi nilikuwa kwenye kumi na moja, kwa kuwa nilianza mapema kwa hofu. Hizo mbili nilizipima kimya kimya na nikaona hazisimami.

Ya tatu ndiyo iliyokuwa na miguu. Mizani ya chama ni mbovu. Ijumaa alikuwa sitini kamili, mke wake shahidi. Walimkausha bure, akaingia ulingoni bila maji mwilini. Nami nilikubali kwa moyo wote, maana kijiwe nilikisukuma kwa mkono wangu mwenyewe.

Aliwaandikia wakubwa wa chama barua. Wakajibu kwamba mizani yao ikionekana ina kosa, pambano litarudiwa. Tuje na yetu, zilinganishwe.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tukaibeba mizani ya posho kwenye mkokoteni. Sijawahi kuona maandamano ya furaha kama yale. Vijana kumi walisukuma mkokoteni uliohitaji wawili. Wanawake wa sokoni walitoka na leso zao za kanisani wakiimba, na mzee mwenye mashine alitembea mbele na fimbo kama bwana arusi. Tulipovuka Barabara ya Jogoo magari yalisimama, dereva mmoja akauliza, "Mnazika nani?" Tukamjibu, "Tunafufua!"

Ukumbini Mbotela walikuwa wanatungoja. Mizani mbili zikawekwa kando kwa kando. Mume wangu akapanda ya chama: sitini na mbili na kidogo. Akapanda yetu: sitini na moja na kidogo.

Kelele ilianza hapo. "Mmeona! Mmeona!"

"Hiyo ya unga ndiyo mbovu!" Mbotela wakajibu.

"Ya unga ina mhuri wa serikali, hebu tazama hapa! Yenu ina mhuri gani, wa chapati?"

Ikawa kila mtu anataka kupanda. Kocha akapanda, wanawake wakapanda, na kila mmoja alipungua kilo kwenye mizani yetu. Mwenyekiti wa chama, mtu wa tumbo, akasukumwa apande naye. Alipopungua, kijana mmoja akasema, "Mwenyekiti, hiyo kilo ni ile chai ya wageni unayoinywa wewe!" Hata yeye alicheka. Kisha akainamia mhuri, akaupapasa kwa kidole, akawageukia wenzake wakaanza kunong'ona. Niliona vichwa vikikubali. Mume wangu aliuona ule uso wa mwenyekiti akanishika mkono kwa nguvu.

Nami nilikuwa natazama mizani yetu. Mtu wa mwisho alikuwa ameshuka, kijiwe kimerudishwa kwenye sufuri, ubao ulikuwa mtupu, na mkono wa mizani ulikuwa umelala chini. Kazini sikuwahi kugundua ukilala chini vile. Kazini, kabla sijamimina mahindi, mkono huelea katikati, umetulia. Tofauti ilikuwa nini?

Ilikuwa debe. Kazini debe liko juu ya ubao kutwa nzima. Mzee aliisawazisha mizani likiwa juu, ili mteja asilipie uzito wa bati. Kila jioni nililiondoa debe kwa mkono wangu ili mume wangu apande, na pamoja na debe nilikuwa nikimwondolea kilo ya mwili wake.

Nilisema, "Debe." Hakuna aliyenisikia. Mimi si mtu wa kusema mbele za watu, na kwa muda mfupi niliomba wasinisikie kabisa. Mwenyekiti alikuwa ameinua mkono ili watu wanyamaze atangaze.

Pembeni mwa ulingo palikuwa na debe tupu la mafuta ya kupikia, lile ambalo mabondia hutemea maji. Lilikuwa sawa na letu. Nikalichukua, nikapita katikati ya watu na nguo yangu ya kanisani, nikaliweka juu ya ubao wa mizani yetu. Mkono ukainuka, ukaelea, ukatulia kwenye sufuri.

"Mizani yetu imewekwa pamoja na debe," nilisema. "Bila debe inapunguza. Ya chama haina kosa."

Mzee mwenye mashine alijikuna kisogo. "Ni kweli, mimi huiweka na debe. Sikufikiria mtu."

Sauti ikatoka upande wa Jericho, yenye uchungu: "Huyu mama ni bibi ya nani?"

Mtu akajibu, "Ya bondia mwenyewe!"

Ukumbi mzima ulianguka kwa kicheko, Jericho na Mbotela pamoja. Yule fundi wa viatu hakucheka. Alimpa mume wangu mkono, na mume wangu akaupokea bila kumtazama, akatoka nje.

Nilimkuta nyumbani amekaa kitandani na viatu miguuni.

"Ungeninong'oneza," alisema.

"Ningekunong'oneza, ungefanya nini?"

Alifikiri. Hilo nililipenda kwake, swali likiwa la haki alilifikiria. "Ningekwambia nyamaza."

"Basi."

"Lakini nilikauka, mama. Iwe mizani ya nani, nilikauka. Hilo huwezi kunikatalia."

"Ulikauka. Na kosa la mizani ni langu, nililiondoa debe mimi. Nisamehe."

"Kwa hiyo ndiyo iliyonipiga. Ile kilo."

Ningeweza kumwachia hapo. Lakini nilikuwa nimeona raundi mbili miguu yake ikicheza kama ya mtu aliyekunywa mto mzima. Nilikuwa nimemwona pia mazoezini, jioni nyingi, nikimsubiri na sufuria ya uji.

"Hapana," nilisema. "Ukipiga kushoto, mkono unarudi chini. Siku zote. Yule kijana alikuona raundi mbili, ya tatu akapitia pale pale."

Alisimama. Nilidhani amekasirika. "Haushuki."

"Unashuka."

"Nionyeshe!"

Nilichukua mto wa kitanda kwa mkono mmoja na kandambili kwa mkono mwingine. Alipiga mto kwa mkono wa kushoto, nami nikampiga shavu na kandambili, pa! Akatoa macho. Akapiga tena, pa! Akaanza kucheka, nami nikacheka, lakini hakuna aliyeacha. Alipiga mto, nikamzaba, akalaani, akaruka nyuma, akarudi. Vikombe vilikuwa vinalia kwenye rafu.

Jirani aligonga mlango kwa nguvu. "Jamani mama, mwache mwenzako! Mizani imemtosha, sasa unamwongezea?"

"Tuko kazini!" mume wangu akamjibu, jasho likimtiririka, shavu limemvimba kama la mtu mwenye jino bovu. Kwangu akasema, "Tena."

Alikula kandambili kumi na moja, nilizihesabu. Ya kumi na mbili ilikuta ngumi yake imesharudi juu, imesimama pale kando ya kidevu inaningoja.