Mikeka ya Asumini

Mwezi uliopita nilivuka feri kwenda Likoni kuhani msiba. Nilikaribishwa uani, nikatandikiwa mkeka wa plastiki, ule wa kiwandani unaouzwa madukani ukiwa umekunjwa kama shuka. Ulikuwa umepata jua asubuhi nzima, ukanigandia miguuni na kunipandishia harufu ya ndoo mpya. Mbele yangu aliketi bibi mmoja aliyekuwa jirani yetu zamani. Alinikazia macho, nikamwamkia, naye badala ya kuniuliza hali akaniuliza: "Weye si mtoto wa yule bibi wa asumini? Ile mikeka ya mamako iliishia wapi?"

Niliinama nikaubandua mkeka miguuni. Mwenzangu, kuna maswali ambayo mtu hawezi kuyajibu huku amekaa juu ya plastiki.

Mama yangu alikuwa msusi wa mikeka. Baba alifariki nikiwa mdogo, akatuacha katika nyumba ya makuti upande wa kwenda Mtongwe, nasi tukaishi kwa vidole vya mama. Nikifumba macho leo nausikia ule mchakacho wa miyaa, yale majani makavu ya mkoma, ikichanwa kwa ukucha, na kunusa rangi ikitokota katika sufuria iliyong'oka sikio, sufuria tuliyokatazwa kuisogelea na mihogo yetu. Kazi yangu ilikuwa kuanika miyaa asubuhi na kuianua kabla umande haujashuka. Kisha nilisuka ukili mwembamba wa mazoezi, ule utepe unaoshonwa ukawa mkeka, na mama aliufumua bila huruma. Ukilegeza, aliniambia, aliyeukalia atajua.

Wasusi walikuwa wengi Likoni, lakini mama alikuwa na jambo lake. Alibuni ukili wa zambarau wenye viua vyeupe vidogo, na alipoushona, kila kiua kilikutana na mwenzake wa ukili wa pili, hata mkeka mzima ukaonekana umemwagiwa asumini. Aliubuni kwa ajili ya maharusi. Kwetu bibi harusi akipakwa hina huketishwa juu ya mkeka mpya, na mama alitaka kila mwari wa Likoni apakwe hina juu ya mkeka wake. Hiyo ndiyo iliyokuwa tamaa yake, na sikumjua kuwa na nyingine. Wangu, aliniahidi, ungekuwa mzuri kuliko yote.

Mkeka wa kwanza aliupeleka mjini, kwenye duka la vioo ambapo Wazungu walioshuka melini walinunua ngoma na vinyago. Nilimshika buibui njia nzima. Mwenye duka aliukunjua nusu, akasema Wazungu hawakalii mikeka, wanataka kitu kidogo cha kutundika ukutani, chenye simba na mnazi. Mama alimsikiliza kwa adabu, akaukunja, tukarudi. Kwenye feri ndipo alipofungua kinywa.

"Simba! Mwari akalie simba?" Akasonya. "Mkeka hautazamwi dirishani, mwanangu. Watazamwa na aliyeukalia. Nitauazima harusini, wanawake waukalie, waupapase, waulize ni wa nani. Inshallah watakuja wenyewe."

Hilo ndilo lililokuwa duka lake, harusi za watu. Na haikupita muda jirani wa nyumba ya tatu alikuwa akimuoza binti. Mama aliupeleka mkeka siku moja kabla ya hina, akautandika mwenyewe chumbani kwa mwari, akanyoosha pembe zote. Alirudi akiimba. Mama yangu hakuwa mtu wa kuimba.

Asubuhi ya hina, babu yake bibi harusi alianguka akitawadha, asiinuke tena. Kilio kilipopigwa, wenye nyumba walitoa kila kilichokuwa ndani cha kukalia na kukitandika uani. Sisi tulipofika kuhani, asumini ilikuwa imejaa wanawake waliojitanda leso, wanalia.

Nilikuwa mtoto, nikasema nilichokiona. "Mama, mkeka wetu! Tukauchukue."

Alinibana mkono. "Nyamaza! Watu wamefiwa, mimi niwang'oe mkeka chini yao?"

Akaketi juu ya mkeka wake mwenyewe, akalia nao. Mpaka leo sijui alimlilia nani.

Mambo yakawa kama alivyosema, na hilo ndilo linaloniuma. Wanawake waliukalia, wakaupapasa, wakauliza ni wa nani. Matanga hayajaanuliwa, mlangoni petu palishabishwa hodi. Lakini walitaka wa msibani. "Tumekaa siku tatu hatukuumwa mgongo, wallahi," walimwambia. "Na rangi yake yatuliza moyo." Mama akaitika alhamdulillahi, akaingia ndani, akakaa ametupa mgongo. Kisha akaanza kuchana miyaa, maana tulikuwa tunakula.

Kuanzia hapo kila mtaa ulitaka wake, toka Mtongwe hadi Shika Adabu, mkeka wa kuwekwa darini na kuteremshwa kwenye msiba. Mama alijaribu kuwabadilishia rangi, akatia nyekundu, akatia kijani. Walikataa. Walitaka ule ule. Na mama wa maharusi waliacha kuja. Mmoja alifika kwa heshima, akapitisha kiganja juu ya mkeka, akasema, "Mzuri mno, shoga yangu. Lakini nikiuona naona mauti." Mama akamshindikiza mpaka njiani, wakaagana vizuri tu.

Ulipokaribia Uhuru, wanawake wa mtaa waliombwa mikeka ya kutandika uwanjani wageni wakalie. Mama alisuka mwingine wa asumini, usiku na mchana. Tuliubeba mimi na yeye, nimevaa gauni jipya. Mwanamke aliyekuwa akipokea alituchukua kando na kusema kwa upole, "Dada, huo si wa leo. Usituletee matanga kwenye furaha." Sikuwahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yule mama mpole. Watu waliimba, bendera ikapepea, nasi tukatazama tumesimama, mama ameuegemeza mkeka begani kama mchukuzi anayengoja kazi.

Mkeka ule nao ulinunuliwa na wafiwa, kama ule wa kwanza. Uhuru haujatimiza mwaka, homa ikamwingia kifuani, ikamchukua. Mkeka wangu hakuuanza. Nadhani aliogopa kuusuka.

Msiba wetu hatukuazima kitu. Tangu asubuhi walikuja wanawake na mikeka kichwani, mingine sijawahi kuiona kwa vile ilisukwa nikiwa bado nimebebwa na usingizi. Wakatandika uani, wakatandika ubavuni mwa nyumba, wakafika mpaka kwenye mchanga wa jirani. Zambarau tupu, na viua vyeupe kutoka ukuta hadi ukuta. Maisha yote mama alitafuta mahali pa kuionyesha kazi yake, na mahali penyewe palikuwa hapa, naye hayupo. Nilikaa katikati, nikipapasa viua, nikaona kila kimoja kimekutana na mwenzake.

Leo miyaa haitiwi rangi tena pale kwetu, na nyumba ya makuti imekuwa ghorofa ya wapangaji. Wasusi wamekwisha. Plastiki ni nyepesi, inafutwa kwa kitambaa, na haimkumbushi mtu yeyote.

Bibi yule aliniuliza iliishia wapi. Siku ya tatu, baada ya hitima, wenyewe waliikung'uta mchanga, wakaikunja, wakajitwika, wakaniaga kwa huruma wakapita mlangoni. Nilibaki nimesimama uani, juu ya mchanga mtupu. Katika mikeka yote ile, hakuna hata mmoja uliokuwa wetu.