Mguu wa Breki

Mtu akikaa miaka mingi kwenye kiti cha mwalimu wa udereva, mguu wake wa kulia huacha kuwa mali yake. Gari la kufundishia lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu, na ile ya mwalimu ndiyo sababu mwalimu bado yuko hai. Mwanafunzi anapotaka kuikumbatia nguzo ya taa, mguu hukanyaga kabla kichwa hakijapata habari. Sasa uambie mguu kama huo kwamba leo ni siku ya mapumziko. Hausikii.

Ndivyo alivyokuwa mtu wetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Breki. Alikanyaga zulia la dada yake kila mpwa wake alipopita na kikombe cha chai. Alikanyaga kwa kinyozi, wembe ukisogea karibu na sikio. Kinyozi huyo, rafiki yake tangu utotoni, alikwishachoka kumweleza kwamba kiti cha kunyolea hakina injini. Mwenyewe alikana katakata. "Mimi? Nikanyage nini?" aliuliza, na mguu uko kazini.

Hakuwahi kuoa. Si kwamba hakutaka, la. Ni mtu wa kutazama kioo cha nyuma, cha kushoto na cha kulia, na akimaliza kutazama, bibi harusi keshapita na mwingine. Safari hii alimpenda mwanamke wa duka la miwani, mjane mchangamfu aliyeitwa na wote Mama Miwani, na njia aliyochagua ya kumweleza ilikuwa kwenda kupimwa macho. Alipimwa mwaka mzima mpaka akazikariri herufi za ukutani. Macho yalikuwa mazima kuliko ya mwewe. Kila mara alirudi nyumbani na kitambaa kipya cha kufutia miwani, na miwani yenyewe hana.

Habari mbaya ililetwa na mke wa kinyozi, fundi wa sare za shule, ambaye cherehani yake iko mlango wa pili kutoka duka lile. Tajiri mwenye duka la miwani anafungua tawi katika mji mwingine, na anataka Mama Miwani akalisimamie. Jibu linatakiwa Jumatatu.

"Shemeji, chelewa chelewa utakuta mwana si wako," alimwambia Breki. "Jumamosi tunakwenda kula nje, sisi wanne. Vitamutamu vikija, mimi na mume wangu tutatoka kupiga picha. Hapo ndipo utasema."

"Nitasema nini?"

"Utamwambia asiende! Au unataka nikuandikie kwenye kioo cha gari?"

Mkahawa wenyewe ulikuwa umefunguliwa karibuni, ghorofani juu ya duka la matairi, jambo lililompa Breki moyo kidogo. Mhudumu aliwaeleza kwa unyenyekevu kwamba chakula cha hapo ni cha Kithai kilichochanganywa na cha nchi nyingine.

"Yaani mpishi hajaamua," kinyozi alisema.

Na kweli hakuwa ameamua. Kulikuwa na pitsa iliyopakwa mchuzi wa kijani wa nazi, na baga ya kamba wenye mchaichai, na tambi zilizomwagiwa karanga pamoja na jibini, kosa ambalo hata majirani wangeingilia kati. Kando ya kila jina ilichorwa pilipili. Breki alizisoma kama alama za barabarani: pilipili moja, punguza mwendo, mbili, kona kali, tatu, barabara imefungwa. Akaagiza wali mweupe.

Lakini kilichomtoa jasho kilikuwa meza. Ilikuwa ya duara, na katikati yake palikuwa na ubao wa kuzunguka, ili kila mtu avute sahani anayoitaka. Sahani zilipopangwa juu yake, zimejaa na zinafuka moshi, Breki alisimama.

"Ndugu zangu, huu ni mzunguko wa barabara. Anayechota ndiye mwenye haki. Wengine wanasubiri. Na tafadhali, mwendo wa pole."

"Naam, afande," kinyozi akasema, akausukuma ubao kama anayewasha jenereta.

Pitsa ilipita mbio. Breki akakanyaga.

Hapa lazima niseme walivyokaa. Mke wa kinyozi, kwa hila zake, alikuwa amemkalisha Mama Miwani kuliani kwa Breki, karibu kabisa. Mama Miwani alivaa viatu vya wazi, vya kutokea. Breki alivaa viatu vya kazi. Kiatu cha kazi kiliposhuka, Mama Miwani alishtuka, akamtazama Breki kwa pembe ya jicho, kisha akaitabasamia sahani yake. Breki yeye aliona tu kwamba sakafu ni laini. Mahali pa heshima hapa, alijisemea, hata chini wameweka sponji.

Walikula. Kinyozi alimwita Mama Miwani "sheme—", akapigwa kiwiko na mkewe, akakohoa. Mara mama yule akaweka uma chini.

"Nyinyi ni watu wangu, acha niwaambie," alisema. "Wananitaka kule tawi jipya. Nyumba wananipa, mshahara wameongeza. Naona nitawakuba—"

Wakati huohuo kinyozi alitamani mishikaki ya upande wa pili. Alisukuma ubao bila kutazama, na bakuli la supu ya ndimu na mchaichai likaja kasi, linachemka, linayumba kuelekea ukingoni. Breki alikanyaga kwa nguvu zote za mtu aliyeona lori mbele yake. Supu ikasimama yenyewe, naye akaamini ni yeye aliyeisimamisha.

"—naona nitafikiri kwanza," Mama Miwani alimalizia, machozi yakimlengalenga.

"Pilipili?" mke wa kinyozi aliuliza.

"Pilipili."

Kisha Mama Miwani akasema taratibu kama anayejaribu maji kwa kidole, "Ingawa mji wenyewe nasikia ni mzuri." Na macho yakamwendea Breki. Masikini Breki hakuwa na habari. Alikuwa anaichunga baga ya kamba, ambayo kinyozi alikuwa ameipa mwendo. Akakanyaga. Mama Miwani akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepata jibu lake.

Wali wa kunata ukaja na vipande vya embe, na kinyozi na mkewe wakaaga kwamba wanakwenda kupiga picha nje. Nje mvua ilikuwa inanyesha. Wakaenda.

Breki akajikaza kisabuni. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Tairi," alisema, "likikaa mshazari, huliki upande mmoja. Yaani hulika. Upande mmoja."

"Mwalimu," Mama Miwani alisema kwa upole, "kwa mguu unaongea vizuri sana. Hebu sasa jaribu kwa mdomo."

"Mguu gani?"

Mama Miwani akainua kitambaa cha meza. Kidole gumba cha mguu wake kilikuwa kimevimba, chekundu. Breki alikitazama kidole, akakitazama kiatu chake, akatamani ardhi ipasuke wadumbukie wote watatu, yeye na viatu vyake viwili.

"Nilidhani unaniambia nisiende," mama akasema.

Mlango huo umefunguliwa wazi jamani! Mtu mwingine angeitikia ndiyo, akaingia, akaomba na chai. Lakini Breki alikuwa mtu wa kusema kweli hata pale ambapo hakuna aliyeihitaji.

"Hapana," alisema. "Ilikuwa supu."

"Supu."

"Ile ya pili. Ya kwanza ilikuwa pitsa."

Tabasamu la Mama Miwani likazimika. "Basi ni mimi niliyejidanganya," alisema, akachukua mkoba wake. "Jumatatu nitawajibu." Akajaribu kusimama, kidole kikakataa, akarudi kitini akiuma meno.

Breki aliagiza barafu kwa sauti ya mtu anayezama. Mhudumu akasema barafu imekwisha, iliyopo ni aiskrimu ya nazi. "Ilete!" Ikaja katika bakuli la bati. Breki akapiga magoti sakafuni, akakigandamiza kile kidole kwa bakuli. Na pale chini ya meza, ambapo hapakuwa na kioo cha kutazama nyuma wala pembeni, maneno yakamtoka.

"Usiende," alisema.

"Unaongea na kidole?"

"Naongea na wewe. Macho yangu ni mazima, unajua. Nilikuwa nakuja kukuona."

"Najua," alisema Mama Miwani. "Nilianza kujua ulipotaja herufi kabla sijawasha taa."

Angeendelea, ila hapo ndipo kinyozi aliporudi, amelowa, simu mkononi. Alimwona rafiki yake magotini, mbele ya mwanamke, kashika bakuli linalong'aa.

"Amepiga goti!" alipaza sauti. "Jamani, huyu ndugu yangu amepiga goti!"

Mkahawa mzima ukalipuka kwa makofi. Wahudumu wakagonga masufuria. Mpishi mwenyewe, yule asiyeamua, akatoka jikoni na mwiko. Mke wa kinyozi alikuwa analia na kupiga picha kwa pamoja.

Breki akasimama. Uso ulimwiva. Alikuwa amemwomba mtu asihame mji, basi. Suala la ndoa hakuligusa, na uongo ni uongo hata ukipigiwa makofi. Akainua kiganja kama trafiki, na watu wakanyamaza.

"Ndugu zangu," alianza, "hapa kuna makosa. Mimi nilikuwa naweka tu aiskri—"

Mama Miwani akampandishia mguu wake mwingine, ulio mzima, juu ya kiatu, akakanyaga kwa kisigino, mpaka mwisho.

Breki akasimama palepale, katikati ya neno. Miaka yote ile hakuwahi kujua jinsi breki inavyouma upande wa pili.

"Shemeji!" kinyozi aliita, safari hii bila kukohoa.

"Abee," Mama Miwani akaitika, na mguu hakuuondoa.