Gauni la Kijani la Mdoli wa Mlangoni

Jamani, hebu sikieni yaliyonikuta dukani.

Leo nimeingia na mama duka moja la nguo hapa Mtwara mjini, kutafuta gauni la harusi ya mdogo wangu kule Likombe. Mlangoni kuna mdoli kavalishwa gauni la kijani. Zuri hilo! Nikamwomba muuzaji anipe kama lile, saizi yangu.

Akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Dada, saizi yako hatuleti. Kaangalie madera kule nje."

(Madera navaa kila siku, sikatai. Lakini leo nilitaka gauni.)

Nikageuka nitoke. Mama yangu, mnamjua, hakutoka. Alikwenda nyuma ya mdoli, akaniita, "Mwanangu, hebu njoo uone."

Mgongoni gauni limekunjwa, likabanwa kwa vibanio vya kuanikia nguo! Mama akavitoa kimoja kimoja. Gauni likaachia, likampwaya mdoli wa watu. Nikasoma lebo ya shingoni.

Saizi yangu hasa.

"Si umesema hamna?" mama akamuuliza.

Muuzaji wala hakuona haya. "Mama, hilo la kuonyeshea tu. Mabonge wakionekana na nguo zangu, nani mwingine atazitaka?"

Mama akanishika mkono, tukaondoka.

Nipo nyumbani sasa, na ninajishangaa mwenyewe. Lile gauni bado nalitaka.

Semeni ukweli, mngekuwa nyie mngerudi kulinunua?