Diski Iliyolinda Mahindi

Juzi, nikiwa kwa fundi wa kompyuta hapa Malindi, bibi mmoja wa kijiji cha Ganda alitua kompyuta kuukuu mezani, akafungua fundo la leso na kutoa diski yenye kamba.

"Shikamoo, bibi. Kamba ya nini?" fundi akauliza.

"Marahaba. Niliitundika shambani kufukuza ndege. Sasa kompyuta ya marehemu mume wangu nikiiwasha yaidai. Diski nyingine zote zimevunjwa na upepo."

Fundi akaikata kamba, akaipangusa diski, akaitia. Kompyuta ikanguruma, ikaikataa. Akaiosha kwa sabuni, akairudisha.

Duka zima likajaa sauti za ndege. Ilikuwa programu ya kufundisha milio yao.

Bibi akashika shavu. "Ndiyo maana ndege hawakukimbia shambani. Walidhani nawaita!"

Nami nilipofika nyumbani, nilizitungua diski zangu tatu nilizotundika kwenye mchicha kufukuza ndege.