Mama Mbona na Chembe Tatu za Mwanga

Mtaani walimwita Mama Mbona, kwa sababu kichwa chako kikishakuwa mikononi mwake, maswali hayaishi. Mbona mvi huanzia pembeni? Mbona masikio yako hayalingani? Mtu aliingia saluni kwake kusukwa, akatoka amehojiwa.

Binti wa kaka yake alikuwa mtafiti wa fizikia chuoni. Siku moja, akisukwa, akataja kwamba wanajaribu kufungamanisha chembe tatu za mwanga. Mkono wa shangazi ukasimama hewani.

"Zinafungwa na nini?"

"Hazifungwi na kitu, shangazi. Ukizipima, majibu yanapatana mno. Kila moja ingekuwa kivyake, yasingepatana hivyo."

"Mtajuaje ni zote tatu? Labda mbili zimeshikana, ya tatu imejipachika tu."

Binti akacheka. "Hapo ndipo penye kazi. Njoo uone."

Wiki iliyofuata Mama Mbona akafunga saluni mapema, akaenda. Alitarajia mitambo ya kutisha. Akakuta meza pana imejaa vioo vidogo vidogo, na skrini yenye namba moja, kati ya sifuri na moja, iliyotokana na vipimo vingi mno, ya kuonyesha chembe zimeukaribia kiasi gani ufungamano unaotafutwa. Binti akamweleza: chembe mbili zikishikana na moja ikabaki nje, hata kama zinapeana zamu ya kubaki nje, namba hiyo haivuki nusu. Ikivuka, basi zote tatu zimo.

Namba ikapanda, ikasitasita, ikagoma chini kidogo ya nusu. Binti akashusha mabega.

"Kwa hiyo hazikushikana?"

"Hatujui. Ikivuka ni ushahidi. Isipovuka, shahidi kanyamaza tu."

Binti akasogeza kioo kimoja, kiduchu tu, wakaenda kunywa chai. Waliporudi, namba ilikuwa imepita nusu na kutulia. Binti akaruka akamkumbatia; shangazi akapiga vigelegele mpaka mlinzi akachungulia.

Wakishuka ngazi shangazi akauliza, "Na moja ikipotea njiani?"

"Kwa aina hii ya ufungamano, mbili zinazobaki hazifungamani tena. Ipo aina nyingine ambayo zilizobaki zingeendelea kushikana."

Mama Mbona akasimama palepale. "Ehe! Mbona zitofautiane?"

Binti akatazama saa, akaguna, kisha akaketi kwenye ngazi na kumwachia shangazi nafasi kando yake.