Siku Nilipokula Bukari na Baba Mukwe

Leo nacheka, lakini mwaka ule wa korona nilikuwa napita soko la Kashikishi kwa njia ya nyuma, juu ya haya, na hata huko wauza samaki waliniona na kuniuliza kama nimeshiba.

Bon, nilikuwa naposa Mwape, na kwa Wabemba wa huku mwanaume haendi mwenyewe kwa wazazi, anamutuma shibukombe (ni mutu mzima wa kupeleka maneno na kurudisha maneno, wewe unabaki kwako unatetemeka), kwa hiyo baba yake, Ba Mulenga, sikuwa nimemuona hata siku moja. Shibukombe aliniletea habari mbili tu: muzee anafanya kazi ku boma, ofisi ya serikali, na anapenda kanga wa porini kuliko nyama yoyote. Jibu la posa lingetoka Jumapili. Nikasema basi, kanga watanisemea.

Rafiki yangu Kasongo alikuwa na bunduki na permi ya kuwinda, yote sawa, ila akanituma kwanza ku boma niangalie kama watu bado wanaruhusiwa kupiga kambi kwenye pori la serikali, maana korona ilikuwa inageuza masharti kila mara. Nilienda, kweli nilienda. Lakini tangazo lilikuwa ku mulango, na mbele yake foleni ya kunawa mikono, kila mutu mbali na mwenzake, jua la saa sita, na maski yangu nimeisahau nyumbani. Nikageuka, nikamuambia Kasongo inaruhusiwa.

Tukafunga turubai karibu na ziwa, tukapata kanga wanne, na asubuhi tukawa tunachemsha chai na kuimba (Kasongo anaimba vibaya, lakini kwa moyo) mpaka akatokea muzee mwembamba na baiskeli, maski mpaka chini ya macho, na nyuma yake wavuvi na wanawake wanaokausha samaki, wamekuja kuangalia. Akauliza kwa upole nani ametupa ruhusa ya kulala hapa. Ningesema samahani, mambo yangeisha, lakini mudomo wangu huu ninaujua mwenyewe. Nikasema ni Ba Mulenga wa boma, baba mukwe wangu.

Akauliza huyo Ba Mulenga yukoje. Nikasema ni munene, mucheshi, tunapendana sana, na nikaongeza (Mungu anisamehe) kwamba Jumapili iliyopita tulikula bukari, ugali wetu wa huku, pamoja, sahani moja.

Wanawake wakashika midomo. Huku muposaji hali mbele ya baba mukwe, hata maji hanywi, ni aibu ya ukoo mzima. Muzee akashusha maski pole pole.

“Sahani moja,” akasema. “Na mimi nilishiba?”

Nilianguka chini kupiga makofi ya heshima, mguu ukanasa kamba, turubai lote likanifunika, nikaendelea kupiga makofi humo ndani. Kasongo akasogea pembeni kama mutu asiyenijua. Nilipotoka nikamunyooshea muzee wale kanga, akakataa, akasema zawadi inapita kwa shibukombe. Kisha tukamufuata na mizigo yetu kichwani, katikati ya soko, mpaka ku boma, na hapo mbele ya foleni nikasoma tangazo kwa sauti: ni marufuku kupiga kambi. Nililisoma mara mbili, maana walio nyuma walisema hawakusikia.

Jumapili nilikuwa nimeshakata tamaa ya Mwape. Shibukombe akaja, anacheka mpaka anajishika tumbo.

“Muzee amekubali,” akasema. “Anasema unadanganya vibaya sana, Mwape atakushika kila siku. Na anauliza kanga wako wapi.”

Mwaka jana ndiyo walinipikia rasmi, sherehe ya kumuruhusu mukwe kula na wakwe zake. Ba Mulenga akakaa mbele yangu, akatoa maski mufukoni, akaivaa, akaniuliza kama namufahamu. Tangu siku ile ya turubai, hata mukeka sitandiki kando ya ziwa kabla ya kusoma mulango wa boma, na bukari tulikula, sahani moja, yeye akashiba kabla yangu.